Udongo wa Mama Maabarani

Miaka ya themanini nilikuwa nikipima udongo wa kwetu Kitui katika maabara ya chuo, Nairobi. Sikuuchimba mimi. Kwetu shimo la udongo wa vyungu ni la wanawake. Mwanamume akilikaribia, vyungu hupasuka motoni, ndivyo wasemavyo. Shahada yangu haikunisaidia kitu. Nilisimama barabarani pale Kabati kama mgonjwa anayengoja dawa, hadi mama aliponiletea gunia.

Kazi yenyewe ilikuwa kuuosha udongo kwa asidi, kuutia kidogo katika mafuta ya mbarika, kisha kuyapasha moto. Udongo ukiwa mzuri, mafuta hugeuka yakawa ya kukauka upesi, ya kutengenezea rangi za nyumba.

Mama na wenzake walikuwa wafinyanzi, na sufuria na mitungi ya plastiki vilikuwa vimewaharibia soko. Waliposikia kuna kiwanda cha rangi kinachongoja majibu yangu, wakaanza kulipanua shimo. Kila nikienda nyumbani, hata kabla ya salamu, waliniuliza: "Udongo umepita?"

Ulipita. Nilifurahi hadi nikamkumbatia mlinzi wa maabara, mtu niliyegombana naye kila asubuhi. Nikarudi nyumbani kichwa kimevimba, nikamkuta mama akifinyanga chungu.

"Mwaitu, udongo wako umeshinda hata ule wa ng'ambo!"

"Mungu asifiwe. Sasa wanataka lori ngapi?"

Nilimweleza kwamba udongo ule hauliwi na kazi. Unachujwa, unachomwa, unarudishwa kazini tena. Na kadiri ulivyo mzuri, ndivyo unavyohitajika kidogo.

"Kidogo namna gani?"

"Magunia machache tu kwa mwaka, Mwaitu."

Aliendelea kulainisha mdomo wa chungu. Nilimwonea huruma, nikajikasirikia pia, maana mjini nilikuwa nimelishangilia jibu hilohilo.

"Hao wamama siwezi kuwaambia hivyo," akasema mwishowe. "Udongo ushinde, halafu usinunuliwe? Watasema tunawadanganya. Nitawaambia wewe ndio umeanguka mtihani. Hiyo wataelewa."

Nilitaka kubisha. Mimi ni mbishi tangu utotoni. Lakini nilimtazama usoni, nikakubali.

Jumapili ile, baada ya ibada, wanawake wa shimo walinizunguka nje ya kanisa. Walinipa pole mmoja mmoja, kisha wakaniwekea mikono kichwani, wakaniombea nifaulu mwaka ujao. Nami, mwenye jibu zuri kuliko yote niliyowahi kupata maishani, nikaitikia amina.