Kimea cha Salome katika Gereji ya Kenton

Enzi zetu, na ninyi mliozaliwa katika milima ya Makete mtanishuhudia, baridi haikuwa habari ya kutangazwa redioni. Ilikuwa mkazi mwenzetu. Tuliamka alfajiri tukakuta sakitu imelala juu ya mashamba ya pareto, nyeupe kama chumvi iliyomwagwa, na hakuna aliyesema kwamba leo tusitoke. Tulitoka miguu mitupu tukichunga ng'ombe, jicho moja likiitazama njia na jingine likimtazama ng'ombe aliyelala. Alipoinuka tu, tulipakimbilia pale alipokuwa, tukasukumana, tukasimama juu ya majani yale yenye joto mpaka vidole vikakumbuka kwamba ni vyetu. Kaka zangu waliokwenda shule walibeba viazi vya moto, kimoja katika kila kiganja. Viliwapasha mikono njia nzima, na walipofika mlangoni mwa darasa wakavila. Mimi shule sikuiona, lakini viazi nilivipata. Niambieni, ni hita ipi ya leo ambayo mtu anaweza kuila akishamaliza kuota moto?

Kazi yangu ilikuwa kulinda kimea. Mama alikuwa akiloweka ulezi, akauchuja, akaufunga katika gunia lenye unyevu na kuliweka karibu na mafiga, si karibu mno, kwa maana ulezi ukipata moto mwingi hufa, na ukipata baridi hulala usiamke. Mimi nililazwa kati ya gunia na mlango ili upepo unikute mimi kwanza. Nililipenda gunia lile. Lilinuka kama udongo uliokwisha kunyeshewa, na siku ya kulifungua tuligombea nafasi ya kuona vile vimikia vyeupe vilivyotoka usiku. Kimea hicho kilikaushwa, kikasagwa, kikatiwa katika uji uliopoa kidogo, na uji ukageuka togwa tamu. Kila binti wa nyumba yetu aliinywa asubuhi ya kuondoka kwenda kwa mumewe, kutoka mkononi mwa bibi yake. Wazee walisema kwamba asiyekunywa ataondoka na kiu ya kwao, na hakuna maji ya ugenini yatakayoikata.

Tulipolalamika kwamba moto ni mdogo, mama alitujibu, "Usiipashe nyumba. Mpashe aliyemo." Baba naye hakuruhusu mtu azibe upenyo ulioachwa chini ya paa, hata upepo ulipopiga miluzi humo. "Moto nao unapumua," alisema. "Ukiuzibia, nao utapumua pumzi zako."

Nimeyasema hayo ili mwelewe kilichotupata majira haya ya baridi hapa London, nyumbani kwa mwanangu Ezekia, mtaa wa Kenton. Binti yake mkubwa, Salome, mke mwenzangu kama ilivyo desturi yetu mabibi kuwaita wajukuu wa kike, alikuwa anaolewa. Nilitamka mbele ya watu wote kwamba kimea chake nitakiotesha mimi. Ezekia alinipeleka katika duka moja la barabara ya Kingsbury, akanyanyua paketi ya unga wa ulezi uliokwisha kuoteshwa na kusagwa, akaniambia kazi imekwisha. Mwenye duka, Mhindi aliyezaliwa Mwanza, alimtazama kwa huruma. "Bwana, huyu bibi hatakubali," alimwambia. "Mpe nafaka." Tukachukua nafaka.

Nyumba ilikuwa imejaa wageni wa harusi hadi ngazini, na jiko lilikuwa limetekwa na masufuria ya mama Salome. Ikabaki gereji. Gereji za huku ni chumba cha gari kilichoshikamana na nyumba, ingawa gari lenyewe hulala barabarani. Sakafu ni saruji tupu na mlango ni wa bati, na chini yake pana nafasi ambayo paka angepita bila kuinamisha kichwa. Niliweka gunia langu humo, nikalifunika, nikasubiri. Ulezi haukuamka. Ulikaa kama kokoto, kisha ukaota ukungu, nikautupa wote. Harusi ilikuwa Jumamosi iliyofuata. Nafaka ya kurudia mara moja ilikuwepo, muda wa kurudia mara mbili haukuwepo. Katika uzee wangu huu nikawa kama msichana aliyetumwa mbali na jua linazama.

Nikaita kikao papo hapo gerejini, watu wote wakiwa wamevaa makoti. Kila mmoja alikuwa na rai. Ezekia alikokota jiko la mkaa analochomea nyama wakati wa joto.

"Mama, mkaa upo, wala hatununui kitu," akasema. "Tukiufunga mlango huu, baada ya saa moja humu ni Dar es Salaam."

"Babu yako aliishi kwenye moto maisha yake yote," nikamwambia, "na hakuna mtoto wake aliyelala na makaa nyuma ya mlango uliofungwa. Litoe nje."

Akalitoa, mtu mwenye mvi kichwani. Mama Salome, ambaye ni muuguzi, akaongeza kwamba amewapokea hospitalini watu waliojipasha namna hiyo, na si wote waliorudi nyumbani. Hakuna aliyeutaja mkaa tena.

Bwana harusi, Daudi, akaja na feni ya joto aliyoiazima kazini kwake. Ilinguruma kama mashine ya kukoboa mahindi, ikatupuliza nyusoni, na joto lote likapita chini ya mlango likaenda zake. Nikamuuliza kama mahari aliyoitoa ilikuwa ya kuwapashia majirani. Ezekia alirudi kutoka kuitazama mita ya umeme akasema tuizime haraka. Eliza, mdogo wake Salome, ndiye anayeandika maneno haya, na yeye husikia Kiswahili chote lakini hujibu kwa Kiingereza. Alitafuta katika simu yake akapata hita ya mtungi wa gesi. Akasoma zaidi, akakunja uso, akamweleza mama yake kwamba hiyo hujaza chumba unyevu na ni lazima dirisha liachwe wazi. Basi tungekuwa tunapasha nini?

Ndipo akapata nyingine: hita ya mafuta, chuma chenye mbavu na magurudumu madogo, mafuta yake yamefungiwa ndani wala hayachomwi. Hupata moto polepole kwa umeme, na ukiizima hubaki na joto lake muda mrefu. Kubwa ilikuwa ghali. Ndogo ilipatikana mtaa wa pili, imetumika, kwa bei ya kuku wawili. Ezekia akapinga kwamba ndogo haiwezi kuipasha gereji nzima. Nikamwambia maneno ya mama yangu, kwamba nyumba haipashwi, hupashwa aliyemo. Eliza akacheka, akageuza simu ili wote waone, maana hata huko walikuwa wameandika karibu vilevile.

Basi tulifanya kazi! Tulitandika maboksi juu ya saruji. Tulikunja zulia kuukuu, na Daudi akalala kifudifudi akilishindilia chini ya mlango.

"Mume wangu," nikamwambia, "mahari ulitoa. Hii ni nyongeza."

"Bibi, ningejua ningeoa mwezi wa saba," akajibu bila kuinua kichwa.

Tukafunga kamba darini, tukatundika mablanketi, tukapata kijumba katika pembe iliyopakana na ukuta wa jikoni. Hita ikakaa katikati, na nikamwamuru Daudi anyooshe mkono wake wote kati ya hita na kila blanketi, kwa sababu kitambaa na moto si watani. Gunia likawekwa, si karibu mno.

Sasa sikieni ajabu. Jioni ya kwanza Ezekia aliingia kutazama kimea, akakaa. Akafuata mama Salome, akakaa. Wageni wakashuka, magoti yakagusana, kila anayeingia akisema anatazama kimea tu. Vyumbani mote kuna vyuma vya joto ukutani, na kwa kawaida kila mtu hujifungia na simu yake asionekane mpaka chakula kiive. Pale pembeni, kwa mara ya kwanza, Eliza aliniuliza nilikuwa nikifanya nini nilipokuwa na umri wake. Nikamweleza habari za ng'ombe na viazi. Hakuamini, akaleta karatasi.

Nilipofungua gunia nilipiga kigelegele mpaka jirani akagonga. Vimikia vilikuwa vimetoka, vyeupe, vimeshikana kama watoto wa nyumba moja. Tulikikausha kimea kwenye masinia kando ya hita ileile, tukakisaga katika kinu cha umeme cha kusagia kahawa, na Ijumaa togwa ikawa tayari.

Asubuhi ya Jumamosi Salome alipiga magoti juu ya maboksi, katika gauni lake jeupe. Alikunywa kikombe chote bila kupumua, akafuta mdomo kwa mgongo wa mkono. Rangi ya midomo ikaenea shavuni, na mama yake akafoka. Akanyoosha kikombe niongeze. Nikaongeza.

Sasa yuko kwake, nyumba yenye vyuma vya joto kila chumba. Nimemwagiza kwamba jioni wawashe kimoja tu, wakae hapo wote wawili, hata siku waliyogombana. Aliniuliza kama ni kwa ajili ya bili ya umeme. Nikamjibu kwamba bili ndiyo sababu ya kumwambia mumewe.

Enzi zetu hatukuhitaji kuagizwa. Aliyegombana na nduguye aliondoka kwa kishindo, akakaa nje na hasira zake, na kabla giza halijatanda alikuwa amerudi, amejibana kati yetu, kwa kuwa moto mwingine haukuwepo. Leo mtu anaweza kununa mwaka mzima, na joto lake analo.