Rangi za Uso wa Elinami

Siku moja, mwanangu, naikumbuka kuliko siku niliyooa. Nilikuwa mdogo, tumeshuka na baba mnada wa Hedaru kuuza mbuzi. Akaja mtu mmoja wa tambarare, akampapasa yule mbuzi, akamfungua kinywa, akamsifu mpaka baba akaanza kufungua kamba. Kisha akajipangusa mikono, akaenda zake. Kumbe naye alikuwa na mbuzi wake wa kuuza, alitaka tu kujua wa wenzake wakoje. Baba alitema mate njia nzima ya kupanda mlima. Mimi nilicheka. Mbuzi mwenyewe tulikuja kumla Krismasi, mgumu kama kiatu, lakini hayo si ya leo.

Ya leo ni ya Same, enzi za Mwingereza.

Nilikuwa na kaka wawili. Eliapenda, mkubwa, alichukuliwa vitani Burma akafia huko. Elinami alimfuata kwa kuzaliwa, na walifanana hata shangazi zetu walikosea majina. Mimi nimechukua sura ya wajomba, pua hii unayoiona. Sasa ujue kwamba kwetu, zamani, mtu akishakaa sana kaburini, fuvu lake lilifukuliwa, likatiwa chunguni, likawekwa chini ya mwamba wa ukoo pamoja na wenzake. Mama alikuwa mtu wa kanisa, Jumapili hakosi, lakini jambo hilo lilimkaa rohoni. Mwanawe amelala porini kwa watu. Chungu alishakitafuta, kiko tupu darini.

"Nileteeni hata sura yake," akatuambia. "Nitaitia humo nipate usingizi."

Mimi na Elinami tulifanya kazi kwa mzungu mmoja karibu na stesheni ya Same, yeye akifyeka majani, mimi nikichota maji. Mzungu akaletewa kwa meli kisanduku cha rangi za maji, cha bati jeusi, kifuniko kina maandishi ya dhahabu. Akatuambia visanduku kama hicho vimetengenezwa vichache tu, na rangi za namna ile hazitatengenezwa tena. Alikifungua kama padri anavyofungua sanduku la sakramenti.

Akamwita Elinami akae barazani, akashika karatasi na brashi. Elinami akauliza, tena kwa adabu, "Bwana, ukimaliza nitapata hiyo karatasi nimpelekee mama?"

"Ndiyo, ndiyo, utapata. Tazama mlima."

Basi Elinami akawa anakaa, siku baada ya siku. Mzungu anachanganya. Nyekundu ya kutu anaitia buluu, inakuwa kahawia ya giza; anaongeza manjano kidogo, inakuwa kama asali. Buluu moja ilikuwa ya ajabu, ikikauka inajitenga, inabaki chembechembe kama mchanga wa korongo. Kila mara alisogeza karatasi shavuni kwa kaka yangu, akafinya jicho, akatikisa kichwa, akaanza upya. Sisi tuliona upande wa mgongo wa karatasi tu.

"Mbona umevimba taya, bwana harusi?" nikamtania.

"Nyamaza wewe, pua. Eliapenda ndivyo alivyokuwa akikaza taya. Huyu anayechorwa si mimi."

Mama alikisugua chungu. Akawaita shangazi waje.

Siku ya mwisho mzungu akaigeuza karatasi. Mwanangu, palikuwa na mabaka ya kahawia, safu kwa safu, kama viraka. Hapana jicho. Hapana mdomo.

"Uso uko wapi, bwana?"

"Uso gani?"

"Huu wangu."

Mzungu akacheka, wala si kwa chuki, na hilo ndilo linaloniunguza mpaka leo. "Mimi nilikuwa najaribu rangi. Rangi ya ngozi yako ngumu kuipata, ndiyo maana nzuri kwa kujaribia. Rangi hizi hazipatikani tena, siwezi kuzimaliza kwa uso wa mfyekaji. Haya, chukua. Nilisema utapata."

Hapa nasimama kwanza niseme la kusema, maana nikimaliza habari hii huwa siongei tena.

Mtu akikukazia macho usidhani amekuona. Muulize mapema anatafuta nini kwako, mpaka akitaje kwa kinywa chake. Asipokitaja, inuka. Na ukidharauliwa, hasira yako ipeleke nyumbani. Piga kelele, vunja hata chungu, mama yako atafagia vigae na kukupakulia makande. Usiibebe peke yako njiani. Yule mzungu namchukia, lakini Elinami nimemkasirikia zaidi, kwa sababu mama hakuitaka picha kuliko alivyomtaka yeye. Mungu akupe watu wanaoujua uso wako hata gizani, na miguu yako isisahau njia ya kwao.

Elinami aliirudisha karatasi mezani, akaiwekea jiwe isipeperuke.

"Twende nyumbani, kaka," nikamwambia. "Mama anangoja."

"Najua anangoja."

Panga lake akaliacha limeegemea ukuta. Njia ya kwetu ilikuwa ya kupanda mlima. Yeye akashika njia ya reli, akaenda bila kugeuka, na hakurudi.