Mgagani wa Mama Athieno

Jumanne, 14 Aprili. Mvua asubuhi, jua mchana.

Najifunza kufundisha kilimo cha bustani kwa kujitolea, na leo Bwana Shamba alikuja kunipima. Kwenye bustani ya jirani yetu Mama Athieno, mjane, niling'oa magugu marefu yote mbele ya akina mama ninaowafundisha. Walinitazama, nikadhani wanastaajabu.

"Mwalimu," akasema Mama Athieno, "hiyo ni mboga ya mgagani. Niliiacha ikomaze mbegu. Msimu ujao nipande nini?"

"Kumbe yeye anajua ya kwenye sahani tu!" mmoja wa akina mama akacheka.

Kweli. Nimeila tangu utoto, sijawahi kuichuma. Mama Athieno hakunitukana, alinifungia majani yake nikapike.

Mke wangu alimpelekea nusu ya mbegu zetu za mgagani. Jioni tukala ugali wa wimbi na mgagani ule. Ulikuwa mchungu, nikaumaliza.