Nyanya wa Ulaya

Juzi kwenye dirisha la posta hapa Nakuru, mzee mmoja wa Kabazi alimpa karani barua amsomee. Baba yake, mpishi wa mzungu, alipanda meli na bwana wake kwenda Ulaya mzee akiwa bado anachunga mbuzi, asirudi tena.

"Pole, mzee," karani akasema. "Padri wa huko anasema babako alishakufa. Ameacha binti, Wanjiru."

Mzee akavua kofia, akashusha pumzi.

"Wanjiru ni nyanya yangu, aliyemzaa baba! Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama ya babake. Kumbe hakututupa!"

Akaomba stempu ya Malkia. "Nataka kumwandikia nyanya."

Namhurumia binti huyo, maskini. Hajui kwamba huku ana mjukuu mwenye mvi.