Pole ya Mtoto Aliye Hai

Ukipita Vingunguti nyuma ya machinjio, harufu inakupokea kabla ya watu. Tunu alizaliwa ndani ya harufu hiyo na wala haisikii. Asubuhi husafisha utumbo kwenye beseni, huuchemsha, huuza mlangoni. Ikifika adhuhuri ameshanawa mikono kwa ndimu, ndipo anapokaa na watoto wawili. Mmoja ni wa kwake, Raudha, wa miaka minne. Mwingine ni Albano, bado ananyonya, mtoto wa Noela wa chumba cha pili.

Noela ni binti wa Masasi, anasoma chuo, mwaka wa mwisho, mambo ya maendeleo ya jamii. Baba wa Albano alihamia Kibamba na namba ya simu akabadilisha. Hakuna aliyemwomba Tunu alee. Alimwona tu Noela asubuhi moja kasimama ukumbini na begi mgongoni, mtoto analia, hajui aende au abaki. Akamwambia, "Mlete huku, we nenda." Ikawa hivyo mpaka leo.

Raudha ana selimundu. Mwenye mtoto wa namna hii huishi kwa kunyata. Mtoto akiamka macho yana unjano, au vidole vimevimba, siku yote imekwisha hapo. Kuna maneno Tunu hayatamki ndani ya chumba chake. Hata kuku akifa, mbele ya Raudha anasema kaondoka. Bibi yake alimlea hivyo: kifo cha aliye hai hakitajwi, huo ni uchuro, ukishautaja umeufungulia mlango.

Siku moja Noela akaja na karatasi. "Dada Tunu, nina utafiti wa chuo. Kina mama wenye watoto wagonjwa, wanavyopokelewa hospitali. Nataka nikuhoji."

Tunu akacheka. "Unihoji mie wa darasa la saba? Watakucheka huko."

"Wewe ndiye hasa ninayekutaka. Weka sahihi hapa kwamba umekubali, maswali nitakuja nayo."

Akaweka sahihi, akaikunja herufi ya mwisho kama alivyofundishwa shule. Tokea siku hiyo, akiosha utumbo alikuwa anajisemea kimoyomoyo. Angemweleza Noela kuhusu yule nesi aliyevua kanga yake mwenyewe akamfunika Raudha. Angemweleza kuhusu daktari aliyezungumza juu ya kichwa chake kama vile yeye ni kiti. Mengi yalikuwepo, na hakuna mtu aliyewahi kumwambia aanzie mwanzo.

Noela hakuja na maswali. Tunu alimkumbusha mara moja, akajibiwa, "Nitakuja dada, nimebanwa." Alimwona kwa mlango ulio wazi, kamlaza Albano mapajani, anaandika kwenye simu kwa dole gumba, anasubiri, anaandika tena. Tunu akadhani anachati na mwanaume mpya, akamfurahia.

Kisha Jumamosi moja Noela akaingia chumbani kwa Tunu, midomo imemkauka.

"Dada, Madamu Monica anakuja. Ndiye anayenisimamia utafiti. Yuko njiani, anakuja kukuona wewe."

"Mie? Karibu yake. Nitandike mkeka?"

"Ngoja kwanza. Akikupa pole, we pokea tu."

"Pole ya nini?"

Noela akakaa kitandani. Alianza kusema, akaacha, akaanza tena. Yale mahojiano hakuyafanya, si ya Tunu wala ya kina mama wengine. Muda ulimwishia, mtoto halali, basi akaipa ile akili mnemba ya kwenye simu: mama wa Vingunguti, anauza utumbo, mtoto wake Raudha ana selimundu, andika alivyosimulia. Simu ikaandika kurasa nne. Mwanzo aliusoma, ulikuwa mzuri, mpaka utumbo na mkeka umo. Mwisho hakuusoma mpaka Madamu alipompigia kusema anakuja kutoa pole.

"Na mwisho una nini?" Tunu aliuliza.

"Umesema Raudha alifia hospitali."

Nje mtu alikuwa anapasua kuni. Tunu alisikiliza shoka likipiga, likipiga.

"Umemuua mwanangu, Noela."

"Si mie, dada, ni simu. Darasani wengi tunafanyaga hivyo."

"Simu haimjui Raudha. Wewe ndiye uliyempeleka huko kwa jina lake." Sauti yake haikupanda. "Umenichuria mtoto."

"Nisamehe. Wakijua nafukuzwa. Nyumbani wote wananitazama mie. Nakuomba, Raudha akakae kwa mama Hamisa kidogo tu. Madamu akisema pole, sema nimeshapoa. Basi. Neno moja hilo."

Tunu alimtazama. Noela alikuwa amekonda, blauzi imelowa maziwa upande mmoja. Kwa ajili ya hayo maziwa tu, Tunu alimshika Raudha mkono, akampeleka kwa mama Hamisa, nyumba ya jirani.

Madamu Monica alikuwa mama mtu mzima mwenye mkoba mkubwa, alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Tunu akamwamkia, mgeni akaitikia marahaba, akakaa mkekani akakunja miguu kama mtu aliyekuja msibani. Noela alibaki amesimama ukutani na Albano.

"Mwanangu," Madamu akasema, "kwa kawaida mahojiano nasoma, naweka alama, naendelea. Ya kwako yalinishinda kuendelea. Nikasema huyu mama niende nikamshike mkono." Akaunyoosha mkono. "Pole sana kwa Raudha. Na mie nilizika wangu. Angekuwa na miaka saba sasa."

Tunu aliutazama ule mkono. Ulikuwa na kucha fupi na pete moja iliyobana. Kwa pembe ya jicho alimwona Noela akitikisa kichwa taratibu: sema, sema. Neno lenyewe dogo, kila mtu analisema, hata kwa ambaye hajapoa. Lilimfika kooni. Akaona kwamba akilitoa, atakuwa amekubali kwa kinywa chake mwenyewe, mbele ya mashahidi wawili, kwamba Raudha hayupo. Akaona pia kwamba mama huyu ameleta msiba wake wa kweli kuuweka juu ya msiba ambao haupo.

"Madamu," akasema, "wangu yupo."

"Yupo kwa Mungu, ndiyo mwanangu."

"Hapana. Yupo kwa mama Hamisa."

Akasimama akaenda kumchukua. Raudha aliingia na unga wa ubuyu mdomoni, akaweka kiganja kichwani mwa mgeni kama alivyozoeshwa. "Shikamoo."

Madamu Monica alichelewa kuitikia. Alimtazama mtoto usoni, macho, vidole, ndipo akasema marahaba kwa sauti ya mtu aliyetoka kunywa kitu kichungu. Alivuta karatasi kutoka mkobani akazikunja mara mbili.

"Noela, niliwaambia nini darasani?"

"Tuitumie kunyoosha lugha na kupanga maswali."

"Na nini tena?"

"Maneno ya mtu tuyafuate kwa mtu. Na tukiitumia tuseme tumeitumia."

"Sikuwanyima simu. Mngeniambia imewasaidia wapi ningewapa alama." Akavaa viatu. "Kazi hii imefutwa. Kamati itaamua kama utarudia mwaka au utaondoka. Mie nitakuombea jambo moja, uyafanye mahojiano upya na hawa hawa uliowaandika, uwaombe radhi kwanza, wakikubali."

Alimgusa Raudha shavu na kidole kimoja, akaenda zake.

Habari haikukaa chumbani. Chausiku wa chumba cha mwisho alisikia kupitia dari, na kufika jioni bombani walikuwa wanamwita Noela "mzika hai." Wanawake wengine aliowaandika walimfungia milango. Mmoja alimwambia kabisa, "Nenda kaiulize simu yako, si inatujua."

Kamati ikamruhusu kurudia. Asubuhi moja alikuja akakaa kizingitini kwa Tunu, Albano ubavuni, karatasi ya maswali mapajani. Simu aliiacha chumbani, akaonyesha mikono mitupu.

"Dada, nimekuja kukuhoji."

Tunu alikuwa anaosha utumbo. "Swali la kwanza nini?"

"Una watoto wangapi, na hali zao."

Mikono ikasimama ndani ya maji. Nesi wa kanga alikuwepo, daktari alikuwepo, wote pale pale alipowaweka. Lakini alipotaka kuanza, aliona mwisho wa zile kurasa nne ambazo hakuwahi kuzisoma.

"Nilikungoja, Noela. Nilikuwa nakusimulia hapa hapa, peke yangu."

"Najua, dada."

"Hujui. Sasa nikifungua mdomo tu, nauona ule mwisho wako." Alivuta pumzi. "Mtoto mlete kila siku kama kawaida, yeye hana kosa. Ila maneno yangu siwezi kukupa."

"Wengine wote wamekataa. Nimebakiwa na wewe tu."

Albano alivuta blauzi ya mama yake, Noela akamnyonyesha pale pale kizingitini, karatasi ikateleza ikaangukia sakafuni kwenye maji. Hakuiokota. Tunu akamwaga beseni, akachota maji mengine, akaanza tena kuosha.