Mafuta Aliyopakwa Aika

Tabitha, ambaye Kikatiti nzima tulimwita Mama Nathanaeli, alichanganya mafuta ya ngozi kwa miaka kumi na moja. Alimimina kwenye beseni krimu za makopo yasiyo na lebo, akaongeza mafuta ya mgando, akakoroga kwa mwiko na kuuza sokoni kwa vikopo. Ukijipaka wiki mbili, unakuwa mweupe.

Mwanawe Nathanaeli alipopata mtoto wa kwanza, Tabitha alimweka ndani mkwe wake, Aika, kama desturi inavyotaka: miezi mitatu bila jembe wala ndoo, mtori wa ndizi asubuhi, maziwa mchana. Jioni alimpaka mafuta yake mwili mzima, ili siku ya kutoka, watu wamwonapo kanisani, wajue kwamba alitunzwa.

Wiki ya saba Aika alianza kuvimba uso na miguu.

"Huyu unamlisha nini?" jirani yetu Anneth aliuliza alipokuja kumwona mtoto. "Mimi mama mkwe alinitoa nimekonda kama ufito."

"Wako alikuwa mchoyo wa ndizi," Tabitha akamjibu, wakacheka. Aika naye alicheka, macho yakiwa yamebaki mistari miwili.

Mzazi anayenenepa ni sifa kwa nyumba. Sote tulisema amenawiri. Mimi pia nilisema.

Macho yalipozibwa kabisa na uvimbe, walimpeleka hospitali. Daktari alikuta protini nyingi kwenye mkojo, akauliza mgonjwa anajipaka nini.

"Mafuta ya kawaida tu," Tabitha alijibu kabla Aika hajafungua mdomo. Mkorogo, mafuta ya kujichubua kama yake, ni marufuku, naye aliogopa kukamatwa. Aliporudi na mgonjwa nyumbani, aliendelea kumpaka, tena kwa wingi zaidi, kwa sababu ngozi ilikuwa imepoteza mng'ao.

Mwezi uliofuata Aika alirudishwa hospitali, akalazwa, figo zikiwa zimechoka. Hapo Tabitha alinijia. Nilikuwa nimemaliza shahada ya kemia, nikifanya kazi katika maabara mjini Arusha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Redio imesema kuna zebaki kwenye krimu, na inaharibu figo. Nasikia nyie mnaipima." Alinipa kikopo. "Mwenyewe usimtaje."

Niliyeyusha mafuta yale maabara kwa asidi, nikayachuja na kuondoa ukali wa asidi. Jumamosi nilimpelekea nyumbani kwake, pamoja na chupa ya maji ya njano, njano ya chai ya rangi iliyozimuliwa. Nilimweleza kwamba ndani mna chembe za fedha ndogo kiasi kwamba jicho halizioni, na ndizo zinazoyapa maji rangi hiyo. Zikikutana na zebaki, rangi hupotea.

Nilimimina maji kidogo kwenye glasi, nikadondosha matone matatu ya mafuta yake. Njano ikafifia, kisha maji yakawa meupe kabisa.

"Labda dawa yako imeharibika."

Nilimimina maji mengine, nikajaribu kwa mafuta ya mgando matupu, niliyoyaandaa vilevile. Njano ikabaki. Nikarudia ya kwake, ikapotea tena.

"Daktari aliniuliza," Tabitha alisema. "Aliniuliza nikiwa nimekaa karibu naye kama nilivyokaa na wewe."

Siku hiyohiyo alikwenda hospitali akasema yote. Daktari alibadilisha dawa, lakini Aika alifariki siku ya tisa. Mtoto alichukuliwa na bibi yake mzaa mama, anayeishi kijiji cha Nduruma, ili naye apimwe.

Kabla ya mazishi, ukoo ulikaa kuandika wasifu wa marehemu. Waliandika: aliugua figo. Tabitha akaomba waongeze kwamba figo ziliharibiwa na mafuta, na kwamba mafuta yalikuwa yake.

"Utatuaibisha mbele ya mchungaji," shemeji yake alisema.

"Wapo niliowauzia. Watakuwepo hapo."

Walikataa. Nathanaeli, ambaye hakuwa amezungumza na mama yake tangu msiba, aliichukua karatasi. Kaburini aliisoma polepole, akafika kwenye ugonjwa, akaongeza ile sentensi kwa sauti ileile. Hakumtazama mama yake.

Anneth alishika shavu lake, akalipapasa kwa vidole. Udongo ulipokwisha kurudishwa, wanawake walimpita Tabitha mmoja mmoja bila kumpa mkono wa pole. Watatu walikuja kwangu kuuliza Jumatatu maabara yetu inafunguliwa saa ngapi.