Shemeji Alivyoisugua Risasi Yangu

Mimi ni muuguzi, naishi Ilford, huku Ulaya, na nakusanya risasi za vifaru vya vita. Hazina baruti wala kilipuzi, ni chuma kitupu. Ninazozipenda zaidi ni za majaribio, zile zilizotengenezwa chache ili wahandisi wazipime, kisha zikasahaulika. Nyingi hazimo katika kitabu chochote. Utazitambua kwa rangi yake, na kwa herufi ambazo fundi aliziandika ubavuni kwa brashi.

Moja niliipata kwenye soko la vitu vya zamani vya jeshi: ya kijani, mkanda wa shaba karibu na kitako, na mstari wa herufi nyeupe nisizozielewa. Nikamwomba mzee mmoja wa mtaa wa Rayners Lane, Mhindi mzaliwa wa Mombasa na fundi mitambo mstaafu, aje Jumamosi anisomee.

Ijumaa nilirudi kutoka kazini nikaikuta kando ya televisheni, inang'aa kama sufuria mpya. Ndugu wa mume wangu, aliyekuwa mgeni wetu, alisimama hapo na msasa mkononi, anatabasamu.

"Shemeji, nimekusafishia."

"Rangi iko wapi?"

"Si ilikuwa imechakaa? Tena kuna mtu aliichorachora."

Damu ilinipanda kichwani. Mume wangu akaniwahi: "Usimfokee mgeni. Alitaka kukusaidia."

"Mgeni haulizi? Katika nyumba hii yote, hicho ndicho kitu changu peke yangu!"

Shemeji hakuomba radhi. Alisema tu kwamba Ulaya imeniharibu tabia. Nikamwambia aniondokee mbele ya macho yangu.

Kesho yake mzee alikuja. Aliigeuza taratibu, akapitisha ukucha pale palipokuwa na herufi.

"Pole, binti yangu. Mkanda uliochongwa hivi sijapata kuuona. Ni ya majaribio, sina shaka. Lakini walikuwa wanajaribu nini, aliyejua alikuwa ameandika hapa."

"Hakuna njia nyingine?"

"Mimi siijui."

Alipoondoka nililia kwa hasira, jikoni, maji ya bomba yakitiririka ili wasinisikie.

Shemeji alisharudi kwao. Mume wangu hunisihi nimpigie simu, eti udugu hauvunjwi na risasi. Sijampigia. Juzi shemeji kaniletea ujumbe kwamba akija tena atanisafishia zilizobaki. Nimenunua kabati la chuma, na ufunguo natembea nao.